Hukumu Isiyo na Fidia: Uhakiki wa Kesi ya Maji ya Dar es Salaam

Mara nyingi kesi ya kampuni ya maji ya Dar es Salaam husimuliwa kama habari ya ushindi. Husemwa kwamba mwaka 2005 Serikali iliiondoa kampuni ya kigeni iliyoshindwa kazi, kampuni ikakimbilia kwenye baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, na mwaka 2008 baraza hilo likaamua kwamba Tanzania haidaiwi hata senti moja. Habari hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Kada anayeishika nusu hiyo peke yake atakwenda kurudia makosa yale yale akidhani anarudia ushujaa.

Uhakiki huu unahusu vitu viwili: hukumu yenyewe ya tarehe 24 Julai 2008, na mfumo wa sheria ulioizaa. Hoja yetu ni hii. Hukumu ile ilitutia hatiani, na kilichotuokoa tusilipe ni ufukara wa kampuni iliyotushtaki. Uhuru wetu wa kuamua haukupunguzwa siku tuliposhtakiwa. Ulipunguzwa miaka mingi kabla, siku tulipotia saini. Asiyelielewa jambo hili hawezi kuitetea mali ya umma, hata awe na uchungu wa nchi kiasi gani.

Chimbuko la sheria hii

Sheria ya kimataifa ya kulinda vitega uchumi vya wageni ilizaliwa katika ugomvi kati ya nchi zinazotoa mitaji na nchi zinazoipokea. Mwaka 1938, Mexico ilipotwaa mashamba ya wageni kwa ajili ya wakulima wake na kutaifisha mafuta, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Marekani, Cordell Hull, alidai kwamba hakuna serikali yenye haki ya kutwaa mali ya mgeni bila kulipa fidia ya haraka, ya kutosha na yenye kutumika. Mexico ilijibu kwamba mgeni hawezi kudai zaidi ya haki anazopewa mwenyeji. Misimamo hiyo miwili inapingana hadi leo.

Nchi nyingi za Afrika na Asia zilipojipatia uhuru, ugomvi huo ulihamia Umoja wa Mataifa. Azimio namba 1803 la tarehe 14 Desemba 1962 lilitambua mamlaka ya kudumu ya mataifa juu ya utajiri wao wa asili, likasema kwamba mali ikitaifishwa ilipwe fidia inayostahili. Mwaka 1974 Baraza Kuu lilipitisha Hati ya Haki na Wajibu wa Kiuchumi wa Mataifa kwa kura 120 dhidi ya 6, nchi 10 zikikaa kando. Hati hiyo ilisema kwamba mgogoro wa fidia uamuliwe kwa sheria na mahakama za nchi iliyotaifisha, isipokuwa pande zote zikikubaliana kwa hiari njia nyingine.

Lakini wakati nchi changa zilipokuwa zinashinda kwa kura New York, nchi zenye mitaji zilikuwa zinajenga njia nyingine. Ujerumani ya Magharibi na Pakistan zilitia saini mkataba wa kwanza wa nchi mbili wa kulinda vitega uchumi mwaka 1959. Benki ya Dunia nayo ilitunga mpango wa kituo cha kusuluhisha migogoro kati ya nchi na wawekezaji wa nchi nyingine. Mpango huo ulipofikishwa kwenye mkutano wa mwaka wa Benki mjini Tokyo mwaka 1964, nchi 21 ziliupinga, karibu zote zikiwa za Amerika ya Kusini na ya Kati. Hata hivyo, mkataba wa kuanzisha Kituo ulifunguliwa kutiwa saini mjini Washington tarehe 18 Machi 1965 na ukaanza kutumika mwaka 1966. Maazimio ya Umoja wa Mataifa yalikuwa na wingi wa kura. Mikataba hii ilikuwa na meno.

Tuitazame nchi yetu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki na makampuni kadhaa makubwa yalitaifishwa kwa muda wa siku chache. Sheria za kutaifisha ziliahidi fidia kamili na ya haki, na kiasi chake kilitafutwa kwa majadiliano na kila kampuni. Wakati huo Tanzania haikuwa mwanachama wa Kituo cha Washington. Tulijiunga mwaka 1992, na mwaka 1994 tukatia saini na Uingereza mkataba wa kukuza na kulinda vitega uchumi. Kwa hiyo, kati ya taifa lililotaifisha mabenki mwaka 1967 na taifa lililoshtakiwa kwa kuvunja mkataba mmoja wa maji mwaka 2005, tofauti kubwa ni karatasi zilizotiwa saini katikati.

Mambo yalivyokuwa

Mabomba ya Dar es Salaam yalikuwa yamechakaa. Wahisani walikubali kutoa takriban dola za Marekani milioni 140 kuyafufua: Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba uendeshaji wa huduma ukabidhiwe kampuni binafsi. Katika zabuni hiyo, ni mzabuni mmoja tu aliyeleta maombi hadi mwisho. Mzabuni huyo alikuwa Biwater Gauff, kampuni iliyoandikishwa Uingereza, ambayo wenyewe walikuwa Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Kwa pamoja na mbia wa Kitanzania iliunda kampuni ya City Water, wageni wakiwa na asilimia 51 ya hisa na mbia huyo asilimia 49. Mkataba na DAWASA ulitiwa saini Februari 2003, wa miaka 10, na kazi ikaanza tarehe 1 Agosti 2003.

Kampuni ilikuwa na wajibu wa kuendesha mitambo, kupeleka ankara, kukusanya fedha kwa wateja na kuilipa DAWASA kodi ya pango. Muda si mrefu ilionekana kwamba makadirio yake ya mapato yalikuwa ya ndoto. Makusanyo yalikuwa madogo, pango halikulipwa ipasavyo, na kampuni ikaomba masharti ya mkataba yabadilishwe. Majadiliano yakashindikana. Mei 2005 DAWASA ilichukua hatua za kuuvunja mkataba, jambo ambalo mkataba wenyewe uliliruhusu kwa kufuata taratibu zake.

Hapo ndipo siasa ilipoitangulia sheria. Tarehe 13 Mei 2005 Waziri mwenye dhamana ya maji alitangaza hadharani kwamba mkataba umekwisha, na baadaye akazungumza na wafanyakazi wa kampuni kuhusu jambo hilo. Msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani uliondolewa. Tarehe 1 Juni 2005, kabla taratibu za mkataba hazijafika ukomo wake, Serikali ilitwaa ofisi na mitambo, ikaweka uongozi mpya, na mameneja wa kigeni wakaondolewa nchini. Biwater Gauff ilifungua shauri mjini Washington kwa kuutumia mkataba wa 1994, ikidai fidia ya takriban dola milioni 20.

Hukumu ilisema nini

Wasuluhishi watatu walitenganisha kipindi cha kwanza na kipindi cha mwisho. Kuhusu kipindi cha kwanza walisema kwamba kampuni iliingia kwenye zabuni kwa makadirio mabovu na iliendesha kazi vibaya, na kwamba DAWASA ilipodai haki zake na kuanza kuuvunja mkataba ilikuwa inafanya kazi ya kawaida ya mwenye mkataba. Katika hatua hizo Tanzania haikuvunja sheria yoyote ya kimataifa.

Kuhusu wiki za mwisho uamuzi ulikuwa mwingine. Tangazo la Waziri, kuondolewa kwa msamaha wa kodi, kutwaliwa kwa mitambo na kuondolewa kwa mameneja yalihesabiwa kuwa matendo ya dola iliyotumia mamlaka yake, na kwa ujumla wake yalikuwa utwaaji wa mali kinyume cha mkataba wa 1994. Wasuluhishi walisema pia kwamba Tanzania haikumtendea mwekezaji kwa haki na usawa. Serikali ilipojitetea kwamba maji ya mamilioni ya watu yalikuwa hatarini, baraza halikuridhika kwamba siku hiyo palikuwa na dharura ya kuhalalisha hatua za namna hiyo.

Ndipo likaja suala la fidia. Wasuluhishi waliuliza: kilichotwaliwa tarehe 1 Juni kilikuwa na thamani gani? Wakajibu kwamba thamani yake ilikuwa sifuri, maana kampuni ilikuwa inakufa na mkataba wake ulikuwa ukingoni. Hivyo hatia ikawapo na fidia isiwepo, na kila upande ukabeba gharama zake wenyewe. Anayesema tulishinda kesi anasoma mstari wa mwisho peke yake. Kama City Water ingekuwa na faida, matendo yale yale, ya Waziri yule yule, siku ile ile, yangetugharimu fedha nyingi.

Kasoro za sheria yenyewe

Kukubali kwamba tulikosea hakutuzuii kuuhakiki mfumo uliotuhukumu. Kasoro zake ni za msingi, na kada yafaa azijue kwa majina.

Kwanza, mfumo huu una mlango wa upande mmoja. Mwekezaji anaishtaki nchi kwa mkataba ambao yeye mwenyewe hakuutia saini wala hana wajibu wowote ndani yake. Nchi ilitoa ridhaa yake kwa jumla mwaka 1994, kwa kila kampuni ya Uingereza itakayokuja. Hata wabia wa City Water hawakuwa sawa: mgeni mwenye asilimia 51 alikuwa na njia ya kwenda Washington, lakini Mtanzania mwenye asilimia 49 ya kampuni ile ile, aliyepata hasara ile ile, hakuwa na njia hiyo. Jibu la Mexico la mwaka 1938 linapata maana hapa, kwani mgeni amepewa haki kubwa kuliko mwenyeji.

Pili, wanywaji wa maji si sehemu ya kesi. Mashirika matano, matatu kati yao ya Kitanzania, yaani LEAT, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Jinsia Tanzania, yaliomba kusikilizwa. Mwaka 2007 baraza liliyaruhusu kuleta maoni kwa maandishi, na hilo lilikuwa hatua mbele. Lakini hayakuruhusiwa kuona nyaraka za kesi, wala kuingia chumba cha kusikiliza, kwa sababu kampuni ilikataa na kanuni zilimpa kila mdaawa uwezo wa kukataa. Suala la maji ya jiji zima likajadiliwa milango ikiwa imefungwa.

Tatu, ni suala la nafasi ya Benki ya Dunia. Benki ilikuwa miongoni mwa waliogharamia mpango na waliotaka huduma ikabidhiwe kampuni binafsi. Rais wa Benki hiyo hiyo, kwa mujibu wa mkataba wa 1965, ndiye mwenyekiti wa baraza la utawala la Kituo, na ndiye anayeteua wasuluhishi pande zinaposhindwa kuelewana. Hatusemi kwamba wasuluhishi wa kesi hii walipokea maagizo. Hukumu yao inaonyesha walipima ushahidi kwa makini. Tunasema kwamba mshauri, mkopeshaji na mlezi wa baraza la kuamua wanaishi nyumba moja, na mfumo wa namna hiyo hauwezi kuaminiwa na wanyonge.

Nne, maneno yenyewe ni mapana mno. Kumtendea mwekezaji kwa haki na usawa ni kauli isiyo na mipaka iliyoandikwa, na kila baraza hujaza maana yake. Hakuna mahakama ya rufani ya kusawazisha tafsiri hizo. Kamati ya kubatilisha inaweza tu kutazama kasoro chache za utaratibu zilizotajwa katika mkataba. Baada ya hapo hukumu hutambuliwa katika nchi zote wanachama, na malipo yake hutekelezwa kama hukumu ya mwisho ya mahakama zao wenyewe.

Kasoro zetu

Yote hayo ni kweli, lakini hayafuti swali linalotuhusu sisi. Je, maslahi ya wananchi yalidai nini Mei 2005? Yalidai kampuni iliyoshindwa iondoke na maji yaendelee kutoka. Yote mawili yangewezekana kwa kusubiri taratibu za mkataba zifike ukomo na kuandaa chombo cha umma cha kupokea kazi. Tangazo la mbele ya waandishi wa habari halikuongeza ndoo moja ya maji Manzese wala Temeke. Kuwaondoa mameneja nchini hakukuleta bomba jipya. Mambo hayo yalileta makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyogeuka ushahidi dhidi yetu.

Somo hili halikushikwa. Mwaka 2017 sheria ya madini ilirekebishwa, na Januari 2018 leseni zote za kuhodhi maeneo ya madini zikafutwa. Lengo lilikuwa halali: makampuni yalikuwa yanakalia ardhi yenye madini kwa miaka bila kuchimba. Lakini leseni zilifutwa kwa mkupuo, bila fidia. Kampuni iliyokuwa na leseni ya nikeli ya Ntaka, wilayani Nachingwea, ilikwenda Washington na mkataba ule ule wa 1994. Safari hii kilichotwaliwa kilikuwa na thamani. Julai 2023 baraza liliamuru Tanzania ilipe dola milioni 109.5, na mwaka 2024 pande hizo zikapatana kwa dola milioni 90. Kampuni nyingine mbili zilizofutiwa leseni za aina hiyo, Winshear na Montero, zilipatana na Serikali kwa dola milioni 30 mwaka 2023 na milioni 27 mwaka 2024. Jumla ya mapatano hayo matatu ni dola milioni 147, kwa ajili ya migodi ambayo haijachimbwa bado. Sifuri ya mwaka 2008 ilitulaza usingizi, na bei ya usingizi huo imelipwa na walipa kodi.

Mielekeo miwili ya upotovu

Katika suala hili wako wanaodhani kwamba dawa ni kufunga mlango kwa sheria ya ndani. Sheria ya mwaka 2017 ya mamlaka ya kudumu ya nchi juu ya maliasili inasema kwamba migogoro ya maliasili isipelekwe mbele ya mahakama au mabaraza ya nje. Nia yake ni njema, na inawafunga watakaoingia mikataba mipya chini yake. Lakini Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba unasema wazi kwamba nchi haiwezi kutumia sheria yake ya ndani kama sababu ya kutotekeleza mkataba wa kimataifa. Ridhaa iliyotolewa mwaka 1994 haifutwi na Bunge la 2017. Hata mkataba wenyewe ukifutwa, mikataba ya aina hii huwa na kifungu kinachoendelea kuwalinda waliokwisha kuingia kwa miaka 10, 15 au hata 20. Tanzania iliufuta mkataba wake na Uholanzi, ukakoma mwaka 2019, lakini ulinzi kwa vitega uchumi vya zamani uliendelea. Kufuta ni haki yetu na mara nyingine ni lazima. Tusidanganyane tu kwamba kunaponya siku hiyo hiyo.

Wako wengine wanaodhani kwamba bila kutia saini kila kinacholetwa mezani hakuna mwekezaji atakayekuja. Hawa nao wamepotoka. Afrika ya Kusini ilifuta mikataba yake kadhaa na nchi za Ulaya, na mwaka 2015 ikatunga sheria yake ya kulinda vitega uchumi kwa misingi ya katiba yake. Nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, zilikubaliana mwaka 2016 kuondoa katika itifaki yao ya fedha na uwekezaji kifungu kilichompa mwekezaji njia ya kuishtaki nchi moja kwa moja. Mlango wa kubadilisha mfumo uko wazi kwa wanaojiandaa.

Kazi iliyo mbele yetu

Kwanza, mkataba wa kimataifa usomwe kabla ya kutiwa saini na kuridhiwa kama inavyosomwa bajeti. Mbunge aulize: ni nani anayeweza kutushtaki, wapi, kwa lipi, na kwa muda gani baada ya mkataba kufa? Mkataba wa 1965 wenyewe unairuhusu nchi kudai kwamba mwekezaji amalize kwanza njia za mahakama za ndani. Tusidai kidogo kuliko kile ambacho hata Washington inakiruhusu.

Pili, utaratibu utazamwe kama silaha ya mnyonge. Kiongozi anayeheshimu tarehe za notisi, anayetunza kumbukumbu za madeni na anayenyamaza mpaka mwanasheria amalize kazi anailinda hazina kuliko yule anayepigiwa makofi jukwaani.

Tatu, tuutazame usafi wetu. Katika kesi ya kampuni ya World Duty Free dhidi ya Kenya, iliyoamuliwa mwaka 2006, madai ya mwekezaji yalitupwa kwa sababu mkataba wake ulipatikana kwa rushwa aliyopewa Rais wa wakati huo. Nchi iliokoka, lakini kwa aibu. Mkataba uliozaliwa katika zabuni ya wazi, yenye wazabuni wa kweli na makadirio ya kweli, hauhitaji kuokolewa.

Nne, wanafunzi wetu wa sheria na uchumi wazisome hukumu hizi neno kwa neno, kwa Kiswahili, katika vyuo na katika madarasa ya Chama. Kitu kinachoamua bei ya maji na hatima ya nikeli hakiwezi kubaki siri ya wanasheria wachache.

Mamlaka ya nchi juu ya mali yake hulindwa au hupotea katika kifungu kinachosainiwa, katika notisi inayopelekwa kwa tarehe yake, na katika faili linalotunzwa. Mwaka 2005 tulikuwa na haki mikononi, tukaipoteza kwa haraka. Makada watakaokabidhiwa mikataba ya gesi, madini na bandari wanazo hukumu za 2008 na 2023 za kusoma. Wazisome kabla ya kushika kalamu.